Mama Viti na Dua Ndefu

Watu wengi wanadhani nchi inaendeshwa na rais, mawaziri na wale mabwana wenye suti wanaotembea na mikoba myeusi. Mimi nawaambia, hao wote hukaa pale wanapoambiwa wakae. Na aliyekuwa akiwaambia wakae wapi ni mama mmoja mjane, mwenye viatu bapa na mdomo usio na breki, ambaye hata marehemu mumewe alikuwa akimwita Mama Viti.

Kazi yake ilikuwa katika kitengo cha itifaki, wizara ya mambo ya nje. Kukiwa na mkutano wa mataifa au sherehe yoyote ya serikali, Mama Viti aliingia ukumbini kabla ya wafagizi, rundo la vibao vya majina kwapani, akaanza kupanga. Huyu asikae karibu na yule, wana kesi. Yule asiwekwe nyuma ya huyu, atanuna mpaka mwaka uishe. Balozi akisogezwa kiti kimoja tu upande, kesho yake inaandikwa barua, keshokutwa magazeti yanauliza kuna nini. Mama Viti aliyajua yote hayo, na aliyacheka yote.

Kilichomtia hasira kilikuwa kimoja: dua. Msimsingizie, hakuwa mkana Mungu. Mungu alimwamini kabisa. Ila hakuamini kwamba Mungu ameajiri wasemaji. Kila mkubwa akipanda jukwaani anamshukuru Mungu kwa kumpa madaraka, na sisi sote tulioona alivyoyapata tunaitikia amina. "Siku Mungu akija kudai jina lake," Mama Viti aliwaambia wenzake ofisini, "kuna watu watahama nchi."

Na hapo ndipo anapoingia Mzee Kipaza. Huyu alikuwa kiongozi mkuu wa dini pale nchini, mzee mrefu, mweupe wa ndevu, mwenye joho lililopigwa pasi likapigika. Jina lake la heshima mnaweza kulikuta kwenye mabango. La Mzee Kipaza alipewa na watu kwa sababu akishakishika kipaza sauti, hamuoni tena atakavyokiachia. Dua yake ya kufungua mkutano wa wataalamu wa barabara ilianzia kuumbwa kwa ulimwengu. Ikapita kwenye gharika, ikaja kwenye mavuno, ikafika kwa viongozi wetu wapendwa mmoja mmoja na vyeo vyao, ikateremka kwa vijana, ikazunguka hospitalini kwa wagonjwa, na mwisho ikaenda makaburini kwa marehemu. Ikifika kwa marehemu, ujue sasa mnakaribia kukaa chini.

Mama Viti alikuwa na dawa yake. Alijaza glasi maji, akaiweka juu ya kitambaa cheupe, akatembea kwa adabu zote hadi mbele, akainama, akamwekea mzee. Mtu amesimama ameombea dunia nzima, koo limekauka, ataacha kunywa? Akimeza tu funda la kwanza, ukumbi mzima unapaza sauti, "Aaamina!" na mshereheshaji ameshadaka kipaza sauti. Mzee wa watu anabaki na glasi mkononi na wagonjwa wake hawajaombewa. Alijua fika nani anayemfanyia hivyo. Akawa anamwangalia Mama Viti kwa jicho la pembeni, na Mama Viti anajitia hamnazo, ananyoosha kitambaa cha meza.

Basi mambo yakawa hivyo miaka nenda miaka rudi, mpaka marais wawili walipoota ndoto.

Mpakani mwetu na nchi jirani kuna kilima cha mawe, na juu yake kuna kaburi linaloitwa Kaburi la Mtawa. Ni bamba moja refu la jiwe limelala juu ya mawe mengine, basi. Mtawa mwenyewe alikuwa nani, alitoka upande gani, hakuna ajuaye. Wengine, Mama Viti akiwemo, walisema humo ndani hamna mtu. Lakini tangu zamani kina mama wa pande zote mbili walipanda kilima hicho na watoto wao wachanga, wakawalaza juu ya lile bamba wapate baraka, wakateremka, wakaenda kupika. Hakuna aliyegombana na mtu.

Sasa rais wa kule, uchaguzi umekaribia na bei ya unga imepanda, akasimama mbele ya watu akasema Mungu amemjia ndotoni akamwambia Mtawa ni wao. Watu wakashangilia, unga wakausahau. Rais wetu naye angekubali kushindwa? Wiki hiyo hiyo akatangaza kwamba naye ameota, na Mungu amemhakikishia Mtawa ni wetu. "Mungu mmoja, maneno mawili!" Mama Viti aliguta pale ofisini. "Mbona mnamfanya Mungu wa watu kigeugeu?" Wenzake wakamwambia anyamaze, kuta zina watu.

Vifaru vikapelekwa kilimani. Mpaka ukafungwa. Simu za kuvuka mpaka zikakatwa, ati kwa usalama wa imani. Na hapo kicheko cha Mama Viti kikakatika, kwa sababu mwanawe alikuwa upande wa pili.

Mtoto wake ni huyo mmoja tu, binti, ameolewa kule na fundi wa majokofu. Ndoa ilifungwa mpaka ukiwa wazi, na safari yenyewe ilikuwa ya basi tu, unaondoka asubuhi unakula cha mchana kwa mkwe. Binti alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka, na mama alikuwa ameshafungasha nguo za kwenda kumuuguza. Begi likabaki limesimama nyuma ya mlango. Habari aliyoipata baadaye ilikuja na dereva wa lori aliyezunguka kupitia nchi ya tatu, naye aliambiwa na mtu aliyeambiwa na jirani: mtoto kazaliwa, mama kapasuliwa.

"Kapasuliwa, halafu?" Mama Viti akamshika dereva mkono. "Yuko hai? Mzima?"

"Mama yangu, ndiyo hayo tu niliyopewa."

Kapasuliwa, halafu. Neno hilo halikumtoka. Alilala nalo, akaamka nalo, akapanga viti nalo. Alikuwa mtu wa kutania kutwa nzima, akawa mtu wa kuulizwa jambo mara mbili ndipo asikie.

Basi mataifa makubwa yakaingilia kati, ukaitishwa mkutano wa amani, tena katika ukumbi wetu. Mama Viti aliupanga kwa mikono yake, kila kiti akikivuta kwa nia. Ujumbe wa jirani ukaja na kiongozi wao wa dini, mzee mfupi mwenye sauti nzito, ambaye sisi tulimwita Mzee wa Ng'ambo. Na kabla hata watu hawajaketi, kukazuka swali: nani anaomba kwanza?

Jamani, asubuhi yote ikaishia hapo. Wetu wakasema sisi ni wenyeji. Wao wakasema mgeni huheshimiwa. Wetu wakasema Mungu haangalii ugeni. Wao wakasema kama haangalii basi tangulizeni wetu. Mawaziri wamesimama wakavu, wasuluhishi kutoka mbali wanaangalia saa, na wale wazee wawili wa dini wamesimama kila mmoja na kipaza sauti chake, hakuna anayetaka kuwa wa pili mbele ya Mwenyezi Mungu. Mama Viti ameshahamisha viti vyao mara nyingi mpaka mgongo unamuuma, na kichwani mwake kuna neno lile lile, kapasuliwa, halafu. Presha ikapanda. Akabwaga kiti chini kwa kishindo.

"Si waombe wote kwa mpigo mmoja! Kwani Mungu ana sikio moja?"

Ilikuwa tusi. Kila aliyemjua Mama Viti alijua ni tusi, na mkurugenzi wake alishika kichwa. Lakini waziri wa nje wa kule hakumjua. Aliangalia juu, akafikiri, akasema, "Hilo linakubalika." Waziri wetu, asije akaonekana mgumu kuliko mwenzake, akasema linakubalika tangu mwanzo. Na kweli wazee wakaomba pamoja, kila mmoja akipandisha sauti kumzidi mwenzake, ukumbi ukawa kama mnada wa ng'ombe. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kunyamaza kwanza, waliendelea mpaka chai ikapoa.

Mkutano wenyewe ulivunjika. Mpaka, hapana. Simu, hapana. Biashara, hapana. Kitu pekee walichosaini, ili wasirudi makwao mikono mitupu, ni karatasi kuhusu kaburi: waumini wa pande zote mbili wataruhusiwa kupanda kilimani siku moja kila mwezi, wote kwa wakati mmoja, kila upande na kiongozi wake. Raia wa nchi hizi wasisemezane hata neno. Ibada isikatizwe na mwenye silaha wala mwenye cheo, na iishe tu pale viongozi wote wawili watakapokuwa wametamka amina. Na atakayepanda lazima awe muumini wa kweli, mwenye hati iliyosainiwa na kiongozi wake wa dini.

Mama Viti alipoisikia hiyo ikisomwa, moyo ukamruka. Halafu ukarudi chini, kwa sababu upande wetu huyo wa kusaini alikuwa Mzee Kipaza.

Alikwenda. Angefanyaje? Alivaa gauni la heshima, akajifunga kitambaa kichwani, akapiga moyo konde. Ofisi ya mzee ilikuwa na zulia la kuzamisha vidole, na ukutani picha zake na kila mkubwa aliyewahi kupita nchini. Katika picha zote mkubwa alikuwa mbele na mzee akitokeza sikio na nusu ndevu.

"Karibu, Mama Viti," Mzee Kipaza alisema bila kuinuka. "Leo glasi umeiacha wapi?"

"Leo nimekuja mikono mitupu, Baba."

"Nimeona jina lako kwenye maombi ya hati. Nikauliza, huyu ni yeye au kuna mwingine? Wewe ni muumini?"

"Naamini, Baba."

"Unaamini nini?"

"Naamini kwamba pasipo saini yako sifiki."

Mzee alicheka, akajizuia, akarudisha uso wake wa kazi. Akamuuliza habari za maisha ya Mtawa. Mama Viti alikuwa amekariri kijitabu kizima, akajibu kama mwanafunzi. Akamuuliza atakwenda kuomba nini. Hapo Mama Viti akashindwa kudanganya.

"Mwanangu amepasuliwa kule ng'ambo, Baba. Sijui yuko hai au amekufa. Nimemtumia ujumbe kwa dereva, kama yupo atapanda na yeye. Nataka kumwona. Sina dua nyingine."

Mzee Kipaza akaivuta hati karibu. Akachukua kalamu. Mama Viti akashusha pumzi. Mzee akaiweka kalamu chini tena.

"Kwenye maombi ya kitaifa," akasema polepole, "kiti cha kuliani kwa rais, hukaa nani?"

Mama Viti hakuamini masikio yake. "Balozi wa Taifa Kubwa, Baba. Wale wanaotujengea barabara."

"Na mimi hukaa wapi?"

"Wewe... karibu na nguzo."

"Nyuma ya nguzo."

"Nguzo ile ndiyo imebeba paa, Baba. Ni mahali pa heshima."

"Mama Viti."

"Nyuma ya nguzo," akakubali.

"Nimewaombea marais watatu," Mzee Kipaza alisema, "na wote nimeona visogo tu. Wakiingia vitani wananiita niwabariki. Wakipatana wananiita niwabariki. Wakila, naambiwa nisimame nibariki chakula, halafu narudishwa nyuma ya nguzo. Kabla sijafa, nataka siku moja nikae ninapoonekana."

Mama Viti alimwangalia. Alitaka kumtukana, na tusi lilikuwa tayari limeshafika mdomoni, zuri, la kuvunja mbavu. Akalimeza. "Nikikuweka pale, Baba, mimi namwaga unga."

"Najua."

"Saini kwanza."

Mzee akasaini. Alisaini vizuri, na mhuri juu, mkono hautetemeki.

Siku ya maombi ya kitaifa Mama Viti alipanga viti kama kawaida. Vibao viwili tu ndivyo alivibadilisha. Rais aliingia, akakuta kuliani kwake ndevu nyeupe na tabasamu pana. Balozi wa Taifa Kubwa, bwana mrefu mwenye tai ya gharama, aliongozwa hadi nyuma ya nguzo. Kamera zote zikawa kwa Mzee Kipaza. Alikaa wima kama bwana harusi.

Mnacheka? Subirini. Kesho yake ubalozi wa Taifa Kubwa ukaandika kuuliza kama serikali imebadili mwelekeo. Magazeti yakaita wachambuzi. Mmoja akasema nchi imekuwa dola ya dini, mwingine akasema hapana, ni mkakati wa kupunguza utegemezi, wa tatu akasema yote mawili. Meli ya ngano ya msaada ikasimamishwa bandarini. Nchi nyingine tajiri, inayopenda sana watu wa dini wakae mbele, ikafurahi ikatuma magari ya wagonjwa yenye bendera yake ubavuni. Baraza la mawaziri likakaa kikao cha dharura kujadili kile kiti, na waziri mmoja, huyu mimi nampa tano, akauliza kama kuna mtu amewahi kumuuliza mpanga viti.

Mkurugenzi wa itifaki akamwita Mama Viti akiwa anatokwa jasho.

"Unajua umefanya nini? Dunia nzima inauliza tunaabudu nini!"

"Mkurugenzi, ni kiti tu."

"Hakuna kiti tu! Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha nilipoanza kazi!"

Kweli alimfundisha. Mama Viti hakujitetea. Akatoa funguo za stoo ya viti, akaziweka mezani, akaaga kila mmoja, akaenda nyumbani. Siku iliyofuata balozi alirudishwa mbele, ngano ikashushwa, na Mzee Kipaza akarudi nyuma ya nguzo yake. Aliyepoteza kitu cha kudumu ni mmoja tu, naye alikuwa nyumbani anafungua begi lililokaa nyuma ya mlango, anapanga upya nguo za mtoto ambazo kwa umri wake huenda zilikuwa zimeshambana.

Siku ya kaburi ikafika. Walipanda kilima kwa miguu, wamevaa nyeupe, askari kila upande. Lile bamba la jiwe lilikuwa limepigwa mstari wa rangi nyekundu katikati, upande huu sisi, upande ule wao. Kwetu Mzee Kipaza alisimama juu ya jiwe lake, kwao Mzee wa Ng'ambo juu ya lake, na kila mmoja ameletewa spika. Ofisa wa jeshi, bwana mdogo aliyenyooka kama rula, akasoma masharti kwa sauti: kugusa kaburi ruksa, kuvuka mstari marufuku, kuomba ruksa, kuzungumza marufuku.

Wazee wakaanza. Ulimwengu ukaumbwa pande zote mbili kwa mara moja. Na chini yao waumini wa kweli, waliothibitishwa kwa mihuri, nao wakaanza ibada yao.

"Ee Mola!" mwanamume mmoja wa upande wetu akainua mikono. "Mkumbushe kaka yangu kwamba ufunguo wa ghala uko chini ya pipa!"

"Ee Mola, amesikia!" ikajibu sauti kutoka ng'ambo. "Na umjulishe kwamba baba amepata nafuu!"

"Ewe Muumba," akalia msichana, macho ameyafumba kabisa, "mjulishe yule anayejijua kwamba bado sijaolewa, lakini asizembee!"

"Mwenyezi, mtie imani shemeji aliyeondoka na baiskeli yangu!"

Askari walijua. Hata kiziwi angejua. Lakini kila neno lilikuwa na "Ee Mola" mbele, na kuomba ni ruksa. Askari mmoja akaitikia amina kwenye habari ya baiskeli.

Mama Viti hakusikia hata moja. Alikuwa amesimama kwenye bamba anazipekua nyuso za upande wa pili, moja baada ya moja, anamkosa. Gharika ikapita. Mavuno yakapita. Akaanza kujiambia kwamba dereva hakufikisha ujumbe, ndiyo, madereva wale waongo, hakufikisha. Hakutaka kujiambia lile jingine. Viongozi wapendwa wakaombewa na vyeo vyao, na bado.

Kisha watu wa ng'ambo wakasogea kumpisha mtu anayetembea taratibu, amekonda, mkono mmoja umeshika ubavu na mwingine umekumbatia kifurushi kifuani. Mama Viti akaliegemea bamba kwa mikono miwili.

"Mwana..."

"Mama, hakuna kuzungumza," askari akasema.

Mama Viti akafumba jicho moja. Jingine alishindwa. "Ee Mungu," akasema, akainua mikono kama wengine. "Ee Mungu, kuna binti yangu mmoja amekonda kama ufito. Huyu mtoto anakula kweli?"

"Ee Mungu, ninakula," binti akajibu kutoka ng'ambo. "Mwambie mama asianze."

Mama Viti akacheka na kulia kwa pamoja, kamasi na machozi, hajali. "Ee Mola, niliambiwa amepasuliwa. Nikaambiwa hayo tu. Sijalala, Mola."

"Ee Mola, wewe ulikuwepo." Binti akasogea hadi kwenye bamba. "Uliona damu iliyonitoka. Uliona nilivyomwita mama, wakaniambia mpaka umefungwa. Nikamwita tena. Wewe unajua nilifika wapi. Lakini nimepona. Mwambie nimepona, Mola. Kidonda kinavuta tu nikipanda milima."

"Amina," Mama Viti akasema. Miaka yote hiyo ukumbini hakuwahi kuitamka akiwa anaimaanisha.

Binti akainama, akafungua kifurushi, akakilaza kitoto juu ya bamba, kama kina mama walivyofanya tangu zamani. Akakilaza kwenye mstari mwekundu. Kusema kweli akakilaza kidogo upande wetu wa mstari. Kugusa kaburi ni ruksa, na Mama Viti akagusa kaburi. Akaligusa kichwani penye vinywele laini, akaligusa shavuni, akaligusa kwenye miguu iliyokuwa inapiga mateke. Mtoto akamkamata kidole akakipeleka mdomoni.

"Ee Mola, umetupa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike, Mola. Na ana mdomo kama wa mtu fulani."

Hapo ndipo Mama Viti alipozisikia spika tena. Wagonjwa wameshaombewa. Mzee Kipaza alikuwa makaburini, anawaombea marehemu, na dua ile Mama Viti aliijua kama njia ya kwenda kwake. Baada ya marehemu hakuna kitu. Mzee wa Ng'ambo naye alikuwa ameshavuta pumzi ya amina. Mama Viti akaangalia juu kwenye jiwe alikosimama yule mzee ambaye yeye alimkatiza dua miaka yote, na mkono wake haukutoka kwa mtoto.

Mzee Kipaza alifungua jicho moja. Akamwona. Akauona mkono na kile kilichoushika.

Akakohoa. "Na sasa, ee Bwana," akasema, "tuziombee nchi zote za dunia. Moja moja."

Mzee wa Ng'ambo akaimeza amina yake. Angeshindwa mbele ya askari wa kwao? Akaanza na yeye.

Zikaombewa nchi kubwa, marais wao na wake zao. Zikaombewa nchi ndogo. Vikaombewa visiwa. Kuna nchi iliyobadilisha jina, Mzee Kipaza akaiombea kwa majina yote mawili. Ofisa wa jeshi akatazama saa, akatazama masharti, akaona hawezi kukatiza. Lakini alikuwa mtu wa sherehe huyo, ameshalinda hafla nyingi katika ukumbi wetu, na jicho lake halikuwa la bure. Akamnong'oneza askari. Askari akaja anapita katikati ya waumini, kwa adabu zote, na glasi ya maji juu ya kitambaa cheupe.

Mama Viti akaiona inakuja. Alipopita tu karibu yake, akanyoosha mkono uliokuwa huru, akaichukua ile glasi, akainywa yote mpaka tone la mwisho.

"Asante, mwanangu," akamrudishia. "Nilikuwa na kiu."

Sauti ya Mzee Kipaza ilikuwa imekauka, inakwaruza. Aliombea nchi ambazo hata wizara ya mambo ya nje haina ubalozi kwao. Mtoto alikuwa amelala juu ya jiwe, kidole bado anacho. Bibi na mama wameinamiana juu yake, vichwa vinakaribia kugusana, wanamwambia Mungu mambo ya maziwa na chanjo. Kisha dunia ikaisha. Mzee Kipaza akatafuta nchi nyingine, hakuipata. Spika zikanyamaza pande zote. Ofisa akainua mkono. Mzee akafungua kinywa.

"Baba!" Mama Viti akaguta. "Umoja wa Mataifa hujauombea!"

Mzee Kipaza akafumba macho yake tena.

"Ee Bwana," akasema, "tuanze na Katibu Mkuu."